Koti Lenye Mkia

Mjomba wangu akinunua mayai huyatikisa sikioni. Si yai moja la kujaribia. Ni trei nzima, moja baada ya jingine, huku mwenye duka akimtazama kwa macho ya mtu aliyefiwa. Ukimwambia kumekucha, atafungua dirisha. Ukimwambia umeshiba, atachungulia sufuria. Hata ukimpa shikamoo, ataitika marahaba huku macho yake yakishuka kwenye mikono yako aone umeficha nini. Neno lake ni moja, nalo limelimeza jina alilopewa na wazazi wake kama chatu anavyomeza mbuzi: "Nionyeshe." Siku hizi hata mkewe akiwa na hasira humwita hivyo, naye huitika.

Wanaomjua tangu ujana wanasema hakuzaliwa hivyo. Ati aliponunua pikipiki yake ya kwanza aliuziwa dumu la mafuta ambalo juu lilikuwa petroli na chini maji ya kisima. Akaisukuma pikipiki kutoka milimani hadi mjini, na kila kona ilimng'oa chembe moja ya imani kwa binadamu. Alipofika hakuwa na akiba. Alipokwenda kumposa mkaza mjomba, wazee walimsifu binti kwa upole. Yeye akaomba aonyeshwe binti akiwa amekasirika. Akaonyeshwa. Mpaka leo huonyeshwa.

Kazi yake ni kubeba damu. Msishtuke, si mchawi. Huko milimani kuna zahanati ndogo ndogo ambazo hazina vipimo vikubwa. Asubuhi wauguzi huwatoa wagonjwa damu, chupa hupangwa kwenye sanduku la baridi, na mjomba hupita kuzikusanya na kuziteremsha hadi maabara ya hospitali mjini. Pale maabara kuna mama mmoja anayepokea masanduku kwenye kidirisha. Tunamwita Bi Saa, kwa sababu ukimsalimu huitazama kwanza saa ya ukutani ndipo aamue kama siku hiyo wewe ni mtu wa kuitikiwa. Adhuhuri ikipita, kidirisha hufungwa. Sanduku litakalokuja baada ya hapo halipokelewi, na kule juu mama wa watu ataitwa tena, achomwe sindano upya, kwa kosa la pikipiki asiyoijua.

Barabara ya huko ina baridi ya kumfanya jogoo awike kwa kigugumizi. Mjomba ameipanda na kuishuka tangu kabla binti yake hajazaliwa, na baridi ikawa inamdai vidole kidogo kidogo. Mwaka jana vilivimba, vikakataa kufumba. Siku moja aliteremka kona bila breki ya mkono kwa sababu vidole havikusikia amri. Daktari alimwambia maneno mafupi: mikono ipate joto, au pikipiki ipate mtu mwingine. Na mtu mwingine alikuwepo. Alikuwa na pikapu yenye vioo na hita, na alikuwa ameshaanza kumsalimu Bi Saa mara mbili mbili kwa siku.

Basi lilikuwa suala la njia ile. Mjomba bila njia ya milimani ni mjomba wa kushinda nyumbani, akitikisa mayai na kukagua sufuria. Mkaza mjomba aliliona hilo kwa mbali kama mtu anavyoona wingu la nzige. Alimwita bintiye, ambaye mimi ni binamu yake ila namwita dada, akamwambia, "Fanyeni mtakavyofanya, baba yenu asiteremke kwenye pikipiki. Akiteremka, mimi nitapanda."

Ndipo dada na mumewe walipokuja na koti.

Walilipata kwenye mitumba. Koti zito jeusi, na glavu zake, na ndani ya kitambaa kulikuwa na nyaya nyembamba zilizopita kama mishipa. Pindoni ulining'inia waya wenye plagi. Mjomba alilishika kwa vidole viwili, mbali na mwili.

"Hiki nini?"

"Koti, baba," dada akasema.

"Koti nalijua. Huu mkia?"

"Linachomekwa kwenye pikipiki. Linapata joto lenyewe."

Mjomba akamgeukia mkwewe. "Mkwe, umeniletea koti au pasi?"

Huyu mkwe ni fundi umeme wa magari, na maneno anayatumia kama mtu anayetumia maji ya mtungi wa jirani. Mtu akimtukana, husema, "Hapana neno." Akimsifu, "Hapana neno." Kwa mjomba hiyo ilikuwa dalili mbaya. Aliwahi kuniambia faraghani, "Mtu asiye na neno, maneno yake ameyaweka wapi?"

"Halichomi, baba," mkwe akasema.

"Nionyeshe."

Mkwe akafungua siti ya pikipiki, akaunga mkia kwenye betri. Mjomba akanigeukia. "Mpwa, vaa."

"Kwa nini mimi?"

"Wewe hujaoa. Huachi mjane."

Nikavaa. Kwanza hakukuwa na kitu, kisha mgongo ukaanza kupata joto, joto la mkate uliotoka tanuri sasa hivi. Nikafumba macho. Mjomba aliniacha humo hadi nikatoka jasho, akaninusa kama nimeungua, ndipo akakubali.

Mkwe akafanya kazi ya kiungwana. Waya mnene kutoka kwenye betri, fyuzi yake, ukapita chini ya siti. Kwenye usukani akaweka swichi mbili, moja ya koti, moja ya glavu. Kati ya swichi akaweka taa ndogo kama punje ya mtama.

"Hii taa, baba, ndiyo itakayokwambia," alisema, na kwake hiyo ilikuwa hotuba. "Ikiwa kijani, endelea. Ikiwa nyekundu, ujue betri inaliwa kuliko inavyolishwa. Punguza joto."

"Na yenyewe taa inakula nini?"

"Inakula kidogo tu."

"Hata chawa anakula kidogo tu."

Mkwe akacheka, akidhani ni mzaha. Masikini. Walipokwisha kuondoka, mjomba alitoa tepu nyeusi, ile ya mafundi umeme, akaifunika taa ile mara tatu kama anayefunga jeraha.

"Mjomba," nikamwambia, "si umeambiwa uitazame?"

"Nimeambiwa. Kitu kikikutazama safari nzima na hujui kinampelekea nani habari, kifumbe macho."

Na kwa kuwa si mtu wa kumvunjia mkwe heshima, alipanga kabisa: pikipiki ikienda gereji, tepu itabanduliwa, ikirudi, itabandikwa. Mkwe akiuliza taa inasemaje, ataambiwa taa nzuri.

Siku za mwanzo zilikuwa harusi. Mjomba alirudi kutoka milimani vidole vikiwa vyekundu na vyepesi, akafungua vifungo vya shati mwenyewe, jambo ambalo mkewe alikuwa akimfanyia tangu msimu wa baridi uanze. Alipiga hadi mluzi. Mkaza mjomba akaniambia chinichini, "Umeusikia? Huo mluzi niliusikia mara ya mwisho tulipochumbiana, na nikadhani ni ndege."

Kisha betri ikafa.

Ilifia kwenye zahanati ya pili. Pikipiki yenyewe ni ya kubonyeza kitufe, haina kiki, kwa hiyo betri ikikata roho unabaki na chuma chenye magurudumu. Wauguzi wawili walikunja magauni meupe wakaisukuma, wagonjwa wakiwashangilia dirishani. Ikawaka. Siku mbili baadaye ikafa tena, na kidirisha cha Bi Saa kikafungwa mbele ya pua yake.

Mjomba alirudi nyumbani. Akaketi uani, akaitazama betri kama hakimu anavyomtazama shahidi anayetoa jasho.

"Betri hii," alisema mwishowe, "ilikuwa nzima mpaka ilipoguswa na mtu."

Nikaelewa mara moja. Kila mwenye chombo cha moto amesikia habari za fundi anayechukua betri nzima ya mteja akamwekea maiti iliyopakwa mafuta ing'ae. Lakini fundi huyu alikuwa mume wa bintiye.

"Mjomba, yule ni mkwe wako."

"Ndiyo. Mwizi wa mbali atanijulia wapi?"

Akaingia ndani, akatoka na wanja wa mkaza mjomba. Akachora msalaba mdogo ubavuni mwa betri, mahali pa kujificha, akaniapisha nisiseme. Kisha akabandua tepu kwenye taa, akaipeleka pikipiki gereji kwa adabu zote, "Mkwe, hebu niangalizie."

Mkwe akapima kwa mita yake. Akapima tena. "Betri nzima, baba. Imeishiwa tu."

"Imeishiwa na nani?"

"Baba?"

"Nimekuuliza tu."

"Taa inasemaje?"

"Taa nzuri."

Mkwe akakuna kichwa, akaichaji, akakagua nyaya zote, akairudisha siku ya pili. Mjomba hakungoja hata vumbi litue. Alifungua siti, akainama, akaingiza kichwa chote. Alipoinuka, uso wake ulikuwa na furaha mbaya, ile ya mtu aliyekuta alichoombea asikikute.

"Msalaba haupo."

Sasa, mtu hamkaripii mkwewe usoni. Humkaripia paka, mkwe akasikia. Jumapili walipokuja kula, mjomba alingoja chakula kipakuliwe, kisha akamwita paka wa mkaza mjomba, paka mzee asiye na hatia wala meno.

"We paka. Nilikufungulia mlango, nikakuweka karibu na samaki wangu. Sasa naona samaki aliyeko sahanini si yule niliyemnunua. Yule wangu alikuwa na alama."

Paka akajilamba. Mkwe akaendelea kula. Dada akaweka kijiko chini.

"Baba, unasema na nani?"

"Na paka."

"Paka gani anabadilisha samaki?"

"Huyo huyo ninayemwambia. Wewe kinakuuma nini? Kwani paka ameoa hapa?"

Mkwe akanawa mikono, akainuka, akasema, "Hapana neno, baba," na safari hii ilisikika kama mlango unaofungwa taratibu. Dada alisimama mlangoni akasema hatakanyaga tena mpaka koti lile litoke kwenye pikipiki ile, kwa kuwa lililoletwa kwa ajili ya joto limeleta moto.

Mkaza mjomba akamtazama mumewe. "Ukimpoteza mkwe kwa ajili ya betri, utaishi na betri. Itakuzalia wajukuu."

"Msalaba haupo," mjomba akasema.

"Msalaba gani?"

Akamtazama paka. Angeanzia wapi kueleza habari ya wanja.

Mimi nikatumwa upelelezi. Nilikwenda gereji kwa kisingizio cha kutafuta kazi, kisingizio kizuri kwangu kwa kuwa watu wote waliamini kuwa sina. Niliketi juu ya tairi, nikamtazama mkwe. Alichukua betri ya teksi fulani, akaimwagia maji ya moto yenye magadi, akaisugua kwa mswaki mkuukuu, akaikausha kwa kitambaa kama anayemfuta mtoto.

"Shemeji, unaziosha zote?"

"Zote. Uchafu nao unakula chaji." Akasugua kidogo. "Ya baba ilikuwa na masizi ubavuni, sijui iligusa nini. Nyeusi tii, kama jicho la bibi harusi."

Nilikimbia nyumbani kama niliyeokota dhahabu. Mjomba alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Alikuona unamtazama. Ndiyo maana akaosha."

"Mjomba, ya kwako aliiosha kabla mimi sijaenda!"

"Basi alijua utakwenda."

Hapo nilinyoosha mikono. Mtu anayeshuku hakosi ushahidi. Ukimletea wa kumpinga, anaushtaki na wenyewe. Mimi mwenyewe nilianza kuambukizwa. Jioni nilimkuta yule paka nyuma ya nyumba akiwa na mfupa, nikamuuliza umetoka wapi.

Betri ikaendelea kufa. Mjomba alijaribu kuliacha koti nyumbani; pikipiki ikawa nzima, vidole vikafa. Alirudi siku hiyo akiwa ameshika usukani kwa viganja kama anayebeba sinia, na mkewe akalazimika kumwondoa glavu kidole kimoja kimoja. Akilivaa koti, anafika anasukumwa. Akiliacha, hafiki na mikono. Na Bi Saa alikwisha kumfungia kidirisha mara ya pili.

"Mzee wangu," alimwambia, nilikuwepo, "heshima yako naijua. Lakini damu haina heshima, inaganda. Safari ijayo ukichelewa, njia nampa mwenye pikapu."

"Nimesikia."

"Umesikia, au nikuonyeshe?"

Kumbe hata yeye alijua jina.

Safari ile mjomba alinichukua. Si kwa mapenzi. Alihitaji mtu wa kusukuma asiyevaa gauni. Tulipanda kukiwa na ukungu mzito, yeye mbele amevaa koti lenye mkia limechomekwa, glavu zimechomekwa, na mimi nyuma na sweta langu ambalo lilikuwa na matundu mengi kuliko uzi. Nilimkumbatia. Mgongo wake ulikuwa jiko. Kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini alikuwa akipiga mluzi.

Kwenye zahanati ya kwanza akasimama getini. Hakuzima. Hakushuka. Alikaa juu ya siti kama sultani, injini inanguruma taratibu, koti linapiga joto, akingoja chupa zimfuate.

"Mjomba, hushuki?"

"Nikashuke niende wapi? Zamani nilikuwa naingia ndani kuota mikono kwenye kikombe cha chai. Sasa joto ninalo hapa."

"Basi zima."

"Nikizima isipowaka?"

"Zamani si ulikuwa unazima?"

"Zamani nilikuwa na betri yangu."

Muuguzi akaja na chupa, akazipanga polepole, akasaini, akauliza habari za nyumbani. Injini inanguruma. Tukaondoka. Kwenye zahanati ya juu kabisa mambo yakawa marefu zaidi, maana chupa moja haikuwa na jina la mgonjwa na muuguzi akarudi ndani kuuliza. Mjomba yuko juu ya siti, jicho moja mlangoni alikoingia muuguzi, jicho moja kwangu, jicho la tatu, kama angekuwa nalo, kwa mbuzi aliyekuwa akikaribia tairi. Mimi nimeshuka, nimesimama kando ya usukani, sina kazi. Na mkono usio na kazi una kucha. Nikaanza kuibandua ile tepu nyeusi, pembe moja, kisha nyingine, bila hata kufikiri, kama mtu anavyobandua kigaga.

"Mjomba," nikasema, "nyekundu."

"Nani kakwambia uifunue?"

"Ni nyekundu."

Akaitazama. Taa ilikuwa inang'aa kama jicho la mgonjwa wa macho. Nilijua anachofikiri, nikamwona anakifikiri: labda imefungwa iwe nyekundu siku zote. Akapiga resi. Taa ikawa kijani. Akaachia. Nyekundu. Akapiga tena, akaachia tena. Akazima swichi zote mbili, akaacha injini ingurume ilivyokuwa ikinguruma. Kijani. Akawasha glavu peke yake. Kijani bado. Akawasha koti. Nyekundu.

Nilimwona anavyolifanya. Alikuwa anaitikisa sikioni, ile taa, kama yai. Koti, glavu, resi, kimya. Moja baada ya jingine, trei nzima. Alikuwa anatafuta mahali ambapo mkwe alidanganya, na kila alipogeuza alikuta mahali ambapo yeye mwenyewe alikaa na kungoja. Pikipiki ikisimama inazalisha umeme wa kibaba. Koti linataka pishi. Kinachopungua kinatoka kwenye betri. Zahanati hadi zahanati, sultani juu ya siti, akiila betri yake taratibu kwa raha zake. Na kadiri betri ilivyokufa ndivyo alivyoogopa kuzima, na kadiri alivyoogopa kuzima ndivyo ilivyokufa.

Injini ikakohoa. Ikakohoa tena, ikanyamaza. Taa ikafifia, ikafa. Kukawa na kimya cha milimani, kile cha kusikia mbuzi akitafuna.

"Kwa hiyo mwizi," mjomba akasema polepole, "alikuwa amekaa juu ya siti."

Nilitamani sana kusema, na nilikuwa na maneno mazuri tayari, lakini uso wake haukuwa uso wa kutaniwa.

Muuguzi akatoka mbio na ile chupa, jina limepatikana. Sanduku likafungwa. Mjomba akachomoa mkia wa koti mwenyewe, akauingiza mfukoni kama anayemnyang'anya mtoto kisu. "Sukuma," akasema. Nikasukuma mpaka nikaona nyota mchana, mteremko ukatusaidia, akaachia klachi, injini ikakataa, ikafikiri, ikawaka. Hakusimama, injini isije ikazima tena. Nilimkimbilia nikadandia kama kunguni anayefuata kitanda kinachohama.

Tuliteremka gia ya chini, injini ikipiga kelele ili koili inayoichaji betri izalishe umeme wa kutosha, koti limezimwa, glavu tu ndizo zimewashwa. Mikono ilikuwa na joto, lakini kifua chake kilianza kutetemeka kwenye kona ya pili. Nikambana. Safari ile koti lilikuwa mimi, na nawahakikishia sikuwa na mkia.

"Taa?" akapaza sauti.

"Kijani!"

"Nionyeshe!"

"Iko mbele yako, mjomba!"

Akacheka. Kicheko kilitoka kimekatwakatwa na baridi, lakini kilikuwa kicheko.

Bi Saa alikuwa ameshika kidirisha kwa mkono mmoja. Mwenye pikapu alikuwa amesimama pembeni, funguo zikizunguka kidoleni. Bi Saa akaitazama saa. Akalifungua sanduku, akasoma kipimajoto, akaitazama tena saa kana kwamba imemsaliti.

"Marahaba," akasema, ingawa hakuna aliyemwamkia. Akalivuta sanduku ndani. Mwenye pikapu akaacha kuzungusha funguo.

Ingekuwa mtu mwingine, angekwenda moja kwa moja kwa mkwewe akasema nimekosa. Mjomba alipita nyumbani kwanza, akala, akakagua sufuria kwa mazoea, kisha akaniambia twende. Gereji alimkuta mkwe chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana. Akangoja miguu ile itoke. Ilipochelewa, akakohoa.

Mkwe akatoka, akasimama, akafuta mikono. Hakutabasamu. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Waya wa koti naona umelegea."

Waya haukulegea. Mimi nilijua, yeye alijua, na nadhani mkwe alijua kabla hajaugusa.

Siku zote mjomba husimama juu ya kichwa cha fundi, akihesabu kila skrubu inayotoka na kuingia. Siku hiyo alimpa mkwe ufunguo, akamgeuzia mgongo, akaenda kuketi juu ya tairi langu la upelelezi, uso barabarani. Nilimtazama. Masikio yake yalikuwa yanavutika nyuma kama ya punda aliyesikia pumba, shingo imekakamaa kwa kazi ya kutogeuka. Sijawahi kumwona mtu akifanya kazi ngumu namna ile akiwa ameketi.

Mkwe alifungua siti. Akagusa waya, akauacha. Kisha akainama kwenye usukani. Gundi ya tepu ilikuwa bado imezunguka ile taa, duara jeusi. Safari hii hakuna aliyekumbuka kuisafisha. Akachovya kitambaa kwenye petroli, akaifuta polepole.

"Taa inasemaje, baba?"

Mjomba hakugeuka. "Inasema kweli. Mimi ndiye niliyekuwa nimeifumba." Akakwaruza tairi kwa ukucha. "Na yule paka hakubadilisha samaki."

Mkwe akaendelea kufuta mahali palipokwisha kuwa safi.

"Hapana neno, baba," akasema. Safari hii ilikuwa mlango unaofunguliwa.

Kisha akaniomba msumari. Nikampa. Akaichomoa betri, akaiweka juu ya meza, akakwaruza ubavuni mwake, kwa nguvu, alama ya msalaba, pale pale wanja ulipokuwa; kumbe masizi yale alikuwa ameshayaelewa.

"Hii haioshiki," akasema. "Ukiitaka, utaikuta."

Mjomba akavumilia. Nilihesabu pumzi zake. Kisha shingo ikamshinda.

"Nionyeshe."

Mkwe akamsogezea. Mjomba akainama, akapitisha kidole kilichovimba juu ya msalaba, juu hadi chini, kushoto hadi kulia. Akainua kichwa kuikagua kwa mbali, jicho moja amelifumba.

"Umepinda," akasema.

Mkwe akacheka, kicheko kikubwa ambacho sikujua alikuwa amekiweka wapi siku zote hizo, akachukua tena msumari.